Chumvi ya Mtani

Mimi ni Tunu wa Kawe, na kama hujapata kunisikia basi wewe hukai Kawe. Nafundisha wanawake kuogelea, katika bwawa moja la Kinondoni lenye ukuta mrefu na mlinzi mwenye adabu. Wanakuja akina mama wa Kihindi na wa Kiswahili, wamevaa suti za kufunika mpaka kifundo cha mguu, wanaingia majini wakipiga mayowe kama wanachinjwa. Baada ya miezi michache wanavuka bwawa bila kusimama. Hajatokea mwanafunzi aliyenishinda. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli.

Kuogelea nilijifunza mwenyewe, hapa hapa Kawe, nikiwa binti niliyekatazwa kwenda baharini. Kukimbia nilianza ukubwani, watoto walipokwisha kuondoka nyumbani. Nilikuwa natoka alfajiri na hijabu yangu na raba za mtumba, na majirani wakawa wananiuliza nani anaumwa. Baiskeli ilikuja mwisho. Siku niliposikia kwamba kuna mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mkupuo mmoja, unaoitwa triathloni, nikasema huu umetungwa na mtu anayenifahamu.

Aliyeniambia alikuwa Kubra, mwanafunzi wangu, mfamasia, mama mtu mzima anayesema kidogo na kutenda kingi. Alikuwa ameona tangazo la mashindano Windhoek, mji mkuu wa Namibia, uliojengwa juu kwenye nyanda kavu za jangwa.

"Mwalimu, nenda," akaniambia huku maji yakimchuruzika usoni. "Baiskeli ya mwanangu Raza ipo tu stoo, na mwenyewe yuko masomoni. Nenda wewe kwanza. Ukimaliza kwa miguu yako, na mie mwakani naenda."

"Na nisipomaliza?"

"Mie nitabaki humu humu bwawani, nizunguke kama kambare."

Nilijua hatanii. Kubra ni mtu wa kutazama dawa imefanya nini kwa mgonjwa wa kwanza.

Sasa nimlete kocha wangu, ingawa wakati ule mdomo wangu ulikuwa unakataa kulitamka neno hilo. Sebastian anafundisha hesabu katika sekondari moja ya Mbagala, na kwa baiskeli na mbio ndefu sijaona mfano wake. Ni kijana kwangu, ningeweza kumbeba mgongoni. Ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mzaramo. Mtanzania akisikia hapo tayari kashatabasamu, lakini kwa wengine niseme: makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, mababu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na wangu wakiwapokea. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuja kwenye msiba wako akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Nawe una haki hiyo hiyo kwake. Kwa hiyo mtani akisema jambo, unacheka kwanza. Kulifikiria ni baadaye, na mara nyingi hulifikirii kabisa.

Kila Jumamosi alikuwa anapanda baiskeli kutoka Mbagala mpaka Wazo, jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, na kunikuta mimi niliyetoka Kawe hapo jirani nikiwa bado napiga miayo.

"Shikamoo, dada Tunu."

"Marahaba, mpagazi. Umebeba nini leo?"

"Nimebeba subira. Leo nafundisha Mzaramo."

Ile shikamoo hakuwahi kuisahau hata siku moja. Kwanza heshima, halafu matusi. Nami nilikuwa naipokea kwa raha zote, maana kwa mtani hiyo ndiyo zawadi pekee isiyokuwa na mwiba.

Tulikuwa tunakipanda kile kilima cha Wazo, malori ya saruji yakitupita na vumbi lake, tunashuka, tunapanda tena. Alinifundisha kupumua kwa hesabu: kuvuta kwa mapigo mawili ya pedeli, kutoa kwa matatu. Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa wa ualimu. Lakini mwezi wa pili nikawa nafika juu huku natukana, maana yake pumzi inabaki.

"Kule hewa ni nyembamba," alikuwa akisema. "Utaitafuta kama sukari mwisho wa mwezi."

"Sie tuna mapafu ya bahari. Nyie mlizaliwa huko juu ndiyo maana vifua vimekauka kama michembe."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na Mnyamwezi hawezi kusafiri bila hivyo. Akatoa mfukoni, akatafuna, akanipa na mimi. Tukala.

Makubaliano yetu tuliyafanya ufukweni Kawe, siku niliyotoka kuogelea mbali mpaka watu wakasimama kunitazama. Sebastian alikuwa amekaa kwenye mchanga mkavu kabisa. Mtu yule anapanda milima kwa baiskeli usiku na mvua, lakini bahari hakuwahi kuiruhusu ipite kifundo cha mguu. Nikamcheka mbele ya wauza samaki na vijana wa mpira. Nikasema Mnyamwezi ataoga siku ya kuoshwa na shehe, na yeye kwa kuwa ni Mkristo hata hiyo hataipata.

Watu wakacheka sana. Akasubiri watulie.

"Haya. Dada Tunu asipomaliza kule Windhoek, akirudi atanishikamoo. Hapa hapa, mbele yenu."

Kicheko kikakatika. Mwanamke wa umri wangu kumwamkia kijana kama yule, mbele ya Kawe nzima! Afadhali angeniambia nipite sokoni na kapu kichwani nikilia. Ningetembeaje tena mtaa ule? Lakini mimi si mtu wa kurudi nyuma.

"Na nikimaliza, unaingia baharini mpaka utosi ulowe."

Nikamwona anameza mate. Tukapeana mikono.

Kwa upande wa kuzoea joto la jangwani, Sebastian alikuwa na rafiki Mbagala, Bakari, mwenye tanuri la mikate. Baiskeli tukaifunga kwenye stendi mbele ya mdomo wa tanuri, nami nikawa nakanyaga pedeli huku Bakari akiingiza na kutoa mikate, akilalamika kwamba wateja wake watauziwa mikate yenye jasho langu. Na kweli nilitoka jasho. Lilifanya dimbwi chini ya baiskeli. Mimi maisha yangu yote jasho ndiyo saa yangu. Jezi ikilowa mabega, najua nimepasha. Ikilowa mpaka kiunoni, nakunywa maji. Ikianza kudondosha, napunguza mwendo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mashine za kufunga mkononi.

Basi siku hiyo Sebastian akaja akaegemea ukuta, akaangalia lile dimbwi.

"Dada Tunu, kule usiliangalie jasho. Kule ukiona hutoki jasho, ujue ndiyo unatoka zaidi."

Nilicheka mpaka nikashika usukani kwa mikono miwili nisianguke. Bakari naye akaweka chini koleo lake la mikate.

"Kumbe hawa Wanyamwezi wakilalia mzinga wa nyuki huwa wanaota mambo makubwa," Bakari akasema, na yeye ni mtu wa Rufiji, huyo si mtani wa Mnyamwezi sana lakini alijipa ruhusa.

"Mtani, rudia," nikamwambia. "Ukiona hutoki?"

"Unatoka."

"Na ukiona hujala, umeshiba?"

Sebastian akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuongeza neno. Halafu akatazama nyuso zetu, na kicheko kikamshinda na yeye. Akapiga kofi paja lake, akasema Wazaramo wamelaaniwa, na mambo yakaishia hapo.

Siku ya safari alinisindikiza uwanja wa ndege pamoja na Kubra. Kubra alinipa dua na kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi. Sebastian akanipa kifundo kidogo cha nailoni, ndani kuna chumvi ya jikoni, ile ya mawe.

"Mzaramo akienda mbali na bahari anakufaga kwa kihoro. Hii hapa bahari yako. Ukijiona mkavu, lamba, kisha unywe maji."

"Asante, mpagazi. Na wewe nikuletee nini, jiwe la kubeba?"

Nilikitia kile kifundo kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Zawadi ya mtani haitupwi, hata ikiwa ni ya kukukejeli.

Windhoek ni mji safi, mkimya, wenye mbingu kubwa. Alfajiri ya mashindano kulikuwa na baridi ya kutafuna meno. Tulianzia kwenye bwawa nje ya mji, na humo majini sina la kusimulia zaidi ya kwamba waliokuwa mbele yangu waliniona nikiwapita. Kweli pumzi ilikuwa fupi, lakini Wazo ilikuwa imenifunza. Nikahesabu, nikavuta, nikatoa, nikafika ukingoni na wanawake wachache tu mbele yangu.

Kwenye baiskeli nikanoga. Barabara ndefu, vichaka vya miiba huku na huku, upepo mkavu unaopita masikioni. Nikajipapasa mgongoni: mkavu. Kwapani: mkavu. Paji la uso: kavu kama nimetoka kujipaka poda. Wallahi nilijisikia fahari. Nikajiambia, Tunu, mwili huu sasa ni chuma, kazi hii haikutoi hata tone. Nikawaona wenzangu wakinyonya chupa zao kila wakati nikawahurumia. Chupa zangu mbili nilizishusha mwisho wa safari ya baiskeli karibu zimejaa kama nilivyozipandisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa mgema na msifiaji pia.

Nikavaa raba, nikaanza kukimbia. Jua lilikuwa limesimama sasa. Mwanzo ulikuwa mzuri, nikampita mzungu mmoja, nikampungia mkono. Halafu nikasikia baridi. Jua kali, na mimi vinyweleo vimesimama mikononi! Kichwa kikaanza kugonga. Misuli ya miguu ikajikunja, nikawa nakimbia kama kuku aliyefungwa kamba. Barabara ikaanza kupanda na kushuka mahali ambapo nina hakika ilikuwa tambarare. Nikafika kwenye meza ya maji, nikakaa juu ya jiwe bila kuamua kukaa.

Msichana mmoja wa huduma akanijia mbio. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo lenye kitanda, mlango wazi. Alinishika bega akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole, kama nataka kupanda.

Nilikuwa nataka. Nakiri kwamba kwa muda ule hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kile kitanda. Nikajifuta uso ili nimjibu vizuri, na uso wangu ukakwaruza. Nikadhani ni vumbi. Nikajilamba mdomo.

Chumvi.

Nikatazama mikono ya jezi yangu nyeusi. Ilikuwa na mistari myeupe, juu kwa chini, na kifuani ramani nzima. Nikaijua. Nilipokuwa mtoto, nikitoka baharini kwa wizi, nilikuwa najianika juani ili mama asijue, na nilikuwa nikinaswa kwa ukungu ule ule mweupe kwenye ngozi. Bahari imeondoka, chumvi imebaki. Mimi tangu alfajiri nilikuwa natoka jasho la kujaza ndoo, na ile hewa ilikuwa inalinywa kabla sijaliona.

Ukiona hutoki jasho, ujue ndiyo unatoka zaidi.

Nilikasirika. Tena niliwaka! Nilimkasirikia Sebastian kwa kusema ukweli kwa sauti ile ile anayosemea uongo. Nikajikasirikia mimi, mwalimu wa watu, niliyecheka kabla ya kusikia. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana niliuona ufukwe wa Kawe umejaa, na mimi nimepiga goti, na Kubra pembeni amevaa suti yake ya bwawani, anarudi zake kuzunguka kama kambare.

"Hapana," nikamwambia yule msichana. "Gari hapana. Maji."

Nikatoa kile kifundo. Nikakifungua kwa meno. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na wangu kwa bahati haukuwa mtupu. Nikalamba, nikaponda iliyobaki kwenye maji, nikanywa kidogo kidogo. Nilitaka kugugumia lakini nikajizuia, nikafanya hesabu zake: kuvuta mara mbili, kutoa mara tatu. Nikamwagia hijabu yangu maji. Wanawake wakawa wananipita, na yule mzungu niliyempungia akanipungia na yeye. Nikamwacha, alikuwa na haki.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopenda. Baridi ilipokwisha na barabara ikaacha kucheza, nikasimama. Nikatembea. Kila meza ya maji nikasimama, nikanywa, nikiwa mkavu vile vile. Mwisho nikaanza kukimbia, mwendo wa mama anayewahi ubwabwa shughulini, lakini ni kukimbia. Walikuwa wameanza kulegeza kamba za lile lango la kumalizia niliponyoosha mkono na kupiga kelele kwa Kiswahili wasubiri. Wakasubiri. Nikavuka kwa miguu yangu, nikavishwa medali, nikalia kwa sauti bila kujali nani ananiona.

Nilipopiga simu, Kubra alipokea akapiga yowe, yeye ambaye huwa hasemi. Kisha akaja Sebastian.

"Mzaramo kafika?"

"Kafika."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Maji ya Kawe huwa na baridi mwezi huu?"

Jumapili niliyorudi, ufukwe wa Kawe ulikuwa umejaa kuliko siku ya Idi. Sijui nani alitangaza, labda mimi. Bahari ilikuwa imejaa, imetulia. Kubra alikuwa ameshafika na buibui lake, akaniambia kabla hata ya salamu kwamba baiskeli anaitaka, Jumamosi anaanza Wazo. Wauza samaki wakaanza kupiga ndoo kama ngoma. Katikati yao akatokea Sebastian, bukta ya shule, miguu myembamba, na kiunoni amejivisha mpira wa ndani wa tairi la lori, umejazwa upepo mpaka unang'aa. Watu walikaa chini kwa kicheko.

Akaja mpaka mbele yangu. Meno yalikuwa yanagongana na bado hajagusa maji.

"Shikamoo, dada Tunu."

Sikuitikia. Ndoo zikanyamaza moja moja. Nikaona uso wake unabadilika, anatafuta kosa lake.

Nikapiga goti kwenye mchanga, kama nilivyofundishwa utotoni kuwaamkia wazee.

"Shikamoo, mwalimu."

Akageuka nyuma kutazama ninamwamkia nani. Hakukuwa na mtu.

"Lakini umeshinda, dada. Umemaliza."

"Nimemaliza. Hii haimo kwenye makubaliano."

"Basi ni utani?"

"Sio utani. Uliniambia kweli, nikakucheka. Chumvi yako ndiyo iliyonivusha."

Kawe nzima ilikuwa inasikia, na nilitaka isikie. Sebastian aliuma mdomo. Macho yakamlowa, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Marahaba."

Kisha nikanyanyuka, nikajipangusa mchanga magotini, nikamvua ule mpira wa lori nikamtupia Kubra.

"Sasa twende. Deni la utosi liko pale pale."

Nikamshika mkono tukaingia. Magotini akasimama. Kiunoni akaanza kumwita Mungu kwa Kinyamwezi. Maji yalipofika kifuani nikaweka kiganja changu chini ya mgongo wake.

"Lala chali. Nisikilize. Ukipigana na maji, unazama. Ukijilegeza kama mtu asiyejali, yatakubeba."

Akanitazama, na nikaona kicheko kinaanza kwenye pembe za mdomo wake, kile kile chetu cha siku zote. Mzaramo anasema jitupe kwenye maji halafu usifanye kitu! Angeweza kulirudia neno lile mbele ya Bakari wakacheka mwaka mzima.

Halafu akauona uso wangu. Kicheko kikazimika. Akafumba macho, akalegeza shingo, mabega, magoti, mpaka utosi ukalowa na masikio yakazama, nami nikakitoa kiganja polepole bila kumwambia.

Maji yakambeba.